Sanduku la Mtu wa Nyota

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Zuleha, huna adabu! Naandika hapa kwa kuwa usoni nimeshakwambia na hukusikia. Mtoto gani, hajakanyaga kwao tangu Idi ya mwaka juzi, anashuka kwenye bodaboda, shikamoo bibi, marahaba, na kabla hajanywa maji anauliza mtandao unashika wapi? Nimemwambia unashika msikitini. Nenda kaswali, utaupata.

Kaja na mabegi matatu. La nguo moja. Ya kamera mawili.

Huyu nimemlea mwenyewe, kwa maziwa ya mbuzi na kofi la hapa na pale, mama yake alipokwenda Maskati kufanya kazi. Mwaka mmoja tu, mama, alisema. Mwaka huo mpaka leo haujaisha.

Sasa mtoto kakua, na kazi aliyojichagulia ni picha za sayansi. Anaziandika mwenyewe, anazitengeneza mwenyewe. Watu wanaotoka kwenye nyota. Mashine zenye wivu. Tanga ya miaka mia mbili ijayo, bahari imehamia Muheza. Wenzie aliosoma nao ni manesi! Kule Dar es Salaam kinachomlisha ni arusi za watu: mchana anampiga video bibi arusi anavyolia, usiku anaandika nyota zake. Alizipeleka kwenye kituo kimoja cha televisheni, wakamjibu Mswahili hapandi roketi, nenda kaandike mapenzi. Siku ile nilimtetea. Nilisimama hapa barazani nikawatukana wote. Wao hawakusikia, lakini jirani yangu Tausi alisikia, akajua mjukuu wangu anaonewa kwa sababu ya akili nyingi.

Jioni, baada ya kula, katoa habari. Kuna watu Nairobi wanatafuta mwandishi mmoja wa hadithi za namna hiyo. Atakaa kwao mwaka mzima, watamfundisha, watatengeneza naye picha kubwa. Ila kwanza apeleke picha fupi, na iwe imefika kabla ya tarehe kumi na saba. Anataka kuipigia hapa Tongoni, kwenye magofu. Ikikubaliwa, anaondoka.

Mwaka mmoja tu, bibi, kasema.

Nikainuka nikaenda kufungia kuku.

Jumanne, 5 Agosti

Nimefikiri. Picha isipokwisha, mtoto haendi. Hiyo ni hesabu hata mie wa kisomo cha watu wazima naiweza.

Kumkataza hapana. Mama yake nilimkataza, akaenda vilevile, tena bila kugeuka. Huyu nitamsaidia. Nitamsaidia mpaka ashindwe!

Nikamwuliza mkubwa wa picha anaitwaje. Prodyuza, kasema. Kazi yake nini? Kutafuta watu, vyombo na chakula, na kusema hapana kwa kila mtu. Nikamwambia basi umeshampata, yuko mbele yako. Kafurahi, kanikumbatia. Maskini.

Halafu kanisomea hadithi. Mtu wa nyota analala ndani ya sanduku miaka mia mbili, anasafiri, anaanguka Tongoni kwenye magofu. Wanakijiji wanakimbia. Askari wanakuja na bunduki. Mataa, kelele, mtu wa nyota anakimbizwa mpaka kwenye mikoko.

Nikamzuia hapo hapo. Askari hao wametoka wapi? Wakipigiwa simu mjini, mpaka gari lipatikane, mpaka dereva arudi kutoka kula, ni kesho. Na huo muda wote mgeni yuko wapi? Kakaa juani? Nani Tongoni hii kamwona mgeni akamkimbia? Anakaribishwa, ananawishwa, anapewa uji. Na haulizwi lililomleta. Unamwacha siku tatu, aseme mwenyewe. Marehemu babu yako alikuja hapa na begi, hakuulizwa, akala siku tatu, ya nne akanioa.

Nilitaka kumharibia, Mungu ananiona. Nilijua picha ya mtu anakula uji hakuna wa kuitazama. Zuleha kaisoma tena karatasi yake. Halafu kachukua kalamu kawafuta askari wote. Kasema bibi, hii ndiyo hadithi yenyewe, nilikuwa naitafuta miaka.

Ala!

Alhamisi, 7 Agosti

Leo wameanza kupiga. Mtu wa nyota ni Rama muuza kahawa, kwa urefu wake. Kijiji kizima ni yeye tu anayechuma embe bila kuruka. Mpole, anashangaa kila kitu, hata asipoambiwa. Zuleha kasema huyo haigizi, kazaliwa nyota.

Mie nacheza mwenye nyumba anayempokea. Tausi alikuja asubuhi kajipaka wanja, kavaa kanga mpya, anasema mwenye nyumba ni yeye, mie uso wangu utawatisha watu wa Nairobi. Nikamjibu wa kwake hautawatisha, wanayo makaburi hata huko. Nilikusudia. Tausi akinuna hapiki, asipopika watu hawaji, watu wasipokuja picha imekufa.

Kanuna kweli. Kaenda kusimama nyuma ya ua wake wa makuti, anachungulia, anasema uji ule mwepesi, mgeni yule atazimia. Zuleha kamgeuzia kamera. Kumbe amemwandikia papo hapo: jirani anayechungulia na kulaumu kila anachopewa mgeni. Tausi kaambiwa aendelee. Tausi kuambiwa aendelee! Kaendelea mpaka adhuhuri.

Halafu nimeificha stendi ya kamera, ile miguu mitatu. Iko chini ya kitanda changu, imefungwa ndani ya jamvi. Zuleha katafuta, katafuta, machozi yamemlengalenga. Nikaona uchungu kidogo, nikaenda kuchambua mchele ili nisione. Niliporudi kaifunga kamera juu ya mbuzi yangu ya kukunia nazi. Kailaza, kaipiga kamba. Sasa kamera iko chini, inatazama watu kama mtu aliyekaa mkekani na wenzie. Rama kajitazama kasema hapo nimekuwa mtu, si mnazi.

Zuleha kasema bora ile stendi ipotelee mbali. Na mie nazi naikunia nini?

Ijumaa, 8 Agosti

Sasa nimepata. Sanduku!

Zuleha alitaka kulitengeneza kwa boksi la friji, alipake rangi. Nikamwambia haya huna? Mtu kasafiri miaka mia mbili ndani ya boksi la friji? Mie ndiye prodyuza. Sanduku nitaliagiza, la mbao, mpaka lije hupigi kitu.

Nikaenda kwa Rafaeli, fundi seremala, kule karibu na kanisa la Kilutheri. Watu wa mkonge wale, wazee wake walikuja kukata mkonge wakabaki. Mtu mwema. Na kwa uvivu hana mwenzie mkoa huu. Kitanda cha binti wa Tausi kiliagizwa kwa ajili ya ndoa; kilipokuja, binti alikuwa ameshaachwa na kuolewa kwingine. Kabati langu la vyombo nilikabidhiwa bila milango, milango bado naingoja.

Nikamwambia nataka sanduku. Mtu mrefu alale chali, mfuniko juu, ndani laini. La nini, sikumwambia. Kumweleza fundi mambo ya nyota ni kutafuta kuchekwa. Naye hakuuliza. Kavua kofia kaishika kifuani. Hata hilo sikulijali. Nikamwambia asiwe na haraka, achukue muda wake, hata Krismasi sawa.

Nimerudi naimba.

Jumapili, 10 Agosti

Wamepiga siku mbili nzima mambo yasiyohitaji sanduku. Watu wanakuja wenyewe. Rama ananawishwa, Rama anavalishwa msuli, Rama anapewa samaki hajui kutoa miba, watu wanamtolea, hawamwulizi kitu. Siku ya tatu anasema mwenyewe: anatafuta kaburi. Wa kwao aliwahi kupita hapa zamani, hakurudi, na huko nyotani walibaki wakiangalia chini.

Hilo Zuleha kaliandika alfajiri, kalisoma kwa sauti huku mie nasonga ugali wa kuku. Nikamwuliza nani kakufundisha habari za watu wanaobaki wakiangalia. Kasema bibi, kila nikirudi kutoka shule nilikukuta umekaa pale kwenye kizingiti, simu mkononi, unangoja Maskati ipige.

Nikamwambia ugali unaungua. Haukuwa unaungua.

Jioni kanipa kazi ya kushona vazi la mtu wa nyota, karatasi za fedha zile za kufungia chakula, zimegandishwa juu ya kitambaa. Nimepata njia. Nitalishona kwa kipimo changu mie. Mie mfupi na mnene, Rama mrefu na mwembamba. Halitaingia! Kesho Zuleha anakwenda mjini kutafuta betri. Nitashona nikiwa peke yangu.

Jumatatu, 11 Agosti

Yarabi. Nianzie wapi?

Nianzie kwenye vazi. Zuleha kaondoka asubuhi. Kamera kamwachia Rama, kamfundisha: ukiona watu wengi, bonyeza chekundu. Nikajifungia chumbani, nikalivaa lile vazi kupima. Mgongoni nikaona mwanya, nikavuta nikashona papo hapo, mwilini. Nilipomaliza nikajaribu kulivua. Halivuki. Nimejishona ndani kama mto wa pamba!

Nikiwa hapo navutana, nikasikia mkokoteni. Nikachungulia dirishani.

Rafaeli. Kavaa koti jeusi. Juu ya mkokoteni sanduku refu, jeusi, linang'aa, kanga nyeupe juu. Kumbe Rafaeli mvivu wa vitanda tu! Vitanda vinangoja. Makabati yanangoja. Kuna kitu kimoja ambacho mteja wake hangoji, na hicho hajakichelewesha hata siku moja maishani mwake. Kafanya kazi Ijumaa, Jumamosi, na Jumapili baada ya ibada. Vishikio vya shaba. Lesi ndani. Kidirisha cha kioo cha kutazamia uso. Na msalaba juu ya mfuniko!

Sanduku la maziko ya Kikristo, limepita kijiji kizima, limesimama mlangoni kwangu mie, Mboni binti Mudathir, ambaye baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani.

Kabla sijavuta pumzi, Tausi katoa ukelele. Ule wa msiba. Nilijua kabisa ni wangu, maana Zuleha walimwona akipanda gari mzima, na mwingine nyumba hii hayupo. Watu wakaja kama walikuwa nyuma ya ukuta wanangoja. Majamvi yakatandikwa. Kuni zikashushwa. Mzee Mselem, muadhini wetu, kaja na kanzu mkononi hajavaa. Na kutoka upande wa pili, mke wa Rafaeli, Kristina, na kwaya nzima, wameshaanza wimbo toka barabarani.

Mie ndani, nimevaa fedha mwili mzima, sitoki. Ningetokaje?

Basi wakaanza kunigombea. Mzee Mselem kauliza sanduku hili limefuata nini kwa Mwislamu. Kristina kajibu kwa upole kwamba Bi Mboni alikwenda mwenyewe kujiagizia, tena kwa unyenyekevu, hakugombana na mtu, na mtu wa namna yake hawezi kunyenyekea hivyo ila moyo wake umegeuka. Ametamani kuzikwa kwa nyimbo, muacheni. Mselem kasema mwanamke huyu kanizomea Ijumaa kwa sababu adhana yangu imemwamshia kuku, sasa amegeuka lini? Tausi kasema Mboni amekufa Mwislamu, yeye shahidi, juzi tu alimtukana na akaapia jina la Mungu katikati ya tusi.

Mtu kauliza mbona sanduku refu, marehemu alikuwa mfupi. Tausi kasema na mdomo je, utauweka wapi?

Watu wamecheka! Kwenye msiba wangu!

Halafu Tausi kalia. Kalia vibaya, kwa sauti ya chini. Kasema sasa asubuhi nikiamka nitamlaumu nani. Kasema nilipofiwa na mume wangu, huyu Mboni alikuja kunitukana kila siku alfajiri, mchafu wewe, hujafagia, hujala, inuka, na nisingeinuka ningekuwa nimeshazikwa. Nimesimama nyuma ya mlango, karatasi zinalia kwenye mwili kila nikipumua. Sikutaka kutoka tena. Nilitaka aendelee.

Ila Tausi hajui kuacha. Kajifuta, kaja kugonga mlango. Anataka kuingia kuniosha! Nikausukumia mtungi. Wakasema mlango umezuiwa, kafa peke yake, maskini. Na hapo hapo, mkono ungali kwenye komeo, Tausi kasema kwa kuwa Mboni ametangulia, ile nafasi ya mwenye nyumba kwenye picha itabidi aichukue yeye, ndivyo marehemu angependa.

Marehemu?

Nikauvuta mtungi, nikafungua mlango.

Sitaeleza yote. Mwanamke wa fedha katoka kwenye nyumba ya maiti, jua la saa sita linampiga. Kwaya ilifika mbali zaidi ya wote. Mzee Mselem alisoma kila alichokijua. Rafaeli hakukimbia; kalikumbatia sanduku lake, kwa kazi aliyoiweka pale sishangai. Tausi kakaa chini kwenye mchanga. Nikamwambia nafasi yangu hupati hata nikifa. Kaniangalia juu mpaka chini, kasema huyu ni Mboni, mzima, haya msiogope.

Watu walikuwa wanarudi mmoja mmoja, mie nawafokea kwa kunichekea kifo, nilipomwona Zuleha. Kumbe kaambiwa njiani. Kashuka kwenye bodaboda mbali, kaja mbio kiatu kimoja, betri ameidondosha sijui wapi. Kanikuta nimesimama. Kakaa chini kaushika mguu wangu kwa mikono miwili, kifundoni, kama alivyokuwa akiushika alipokuwa mdogo nikitaka kwenda sokoni. Kautia uso pale. Karatasi zote zikalowa.

Nikamwambia inuka, watu wanatazama. Hakuinuka. Na mie sikurudia.

Jumanne, 12 Agosti

Msiba uliokwishapikiwa haurudishwi. Wamekula wote hapa jana, Waislamu na Walutheri, wali wa matanga ya mtu aliyekuwa akiwapakulia mwenyewe. Wamenikata vazi kwa mkasi wa kuchanjia samaki.

Rafaeli kakataa kulichukua sanduku. Kasema likishatoka kwenye karakana halirudi, likirudi linamwita mwingine. Kristina kanyang'anya bisibisi kaung'oa msalaba mwenyewe, kasema hautatumiwa kwa mzaha, na kaondoka nao umefungwa kwenye kanga. Nimemheshimu.

Lakini sikiliza balaa. Rama alibonyeza chekundu! Wote wamo. Majamvi, kwaya, Mselem, machozi ya Tausi, kila kitu kimepigwa kutoka chini, juu ya mbuzi ya nazi. Zuleha kakesha akitazama. Asubuhi macho mekundu, kasema bibi, mwisho nimeupata. Mtu wa nyota anafia hapa. Kijiji kinamlilia, na hakijui kimzike vipi, maana dini yake hakuna aliyemwuliza.

Akaenda kwa Mzee Mselem na kwa Kristina kuwaomba radhi na ruhusa. Nilijua watakataa. Nilimwandalia na uji wa kumpoza. Wamekubali! Mselem kasema aweke tu wazi kwamba marehemu si Bi Mboni, watu mpaka wa kule Moa wameshaanza kumpigia simu za pole.

Na lile vazi fupi, liliposhonwa tena, limemfika Rama magotini. Zuleha kasema vizuri sana, limesinyaa kwa safari.

Mie kila nikivunja, kinasimama. Sijui nimekosea wapi.

Alhamisi, 14 Agosti

Jana alfajiri wamepiga maziko. Nimekaa karibu na nguzo za makaburi ya kale, sanduku mbele yangu, Rama ndani kalala, pumzi yake inatia ukungu kwenye kidirisha. Mselem na Kristina wamesimama huku na huku. Waliambiwa waseme wanachoona wao. Kristina kasema hatujui aliomba kwa jina gani. Mselem kafikiri, kasema kafia mikononi mwetu, basi ni wetu, na aliyemuumba anajua jina lake. Kristina kasema ndiyo. Hilo halikuandikwa na mtu.

Halafu wakaamua kidirisha kisifunikwe mpaka jua litoke, apate kuangalia kwao mara ya mwisho.

Kazi yangu ilikuwa kukaa tu. Zuleha kaja kaninong'oneza niwaze mtu aliye mbali. Sikuhitaji kuambiwa. Niliketi nikaziangalia nyota zinavyofifia, nikawaza Maskati. Nikawaza na Nairobi, ambako bado hakuna mtu wangu, nikaona kama yupo tayari.

Leo mchana tumeitazama kwenye kompyuta barazani. Jua kali, haionekani, tukajifunika kanga moja, mie na Tausi, vichwa pamoja kama watoto. Kanuka karafuu na jasho. Tausi kalia, kasema ni moshi. Hakuna jiko lililokuwa linawaka. Nilipojiona nimekaa pale kimya, sikumjua yule mzee. Nikamwambia Zuleha umenifanya nizeeke. Kasema bibi, ndivyo unavyokaa kila siku.

Ni nzuri. Hapa naweza kuandika. Kwa mdomo sitasema.

Jumamosi, 16 Agosti

Leo ya kupeleka. Nafasi yangu ya mwisho. Kompyuta yake haina chaji, umeme hakuna tangu jana. Moyo wangu ukatulia. Nikamwambia ndivyo Mungu apendavyo, mwanangu, pumzika.

Mzee Mselem kaja. Msikitini kuna sola. Na mtandao unashika hapo hapo.

Nani alimwambia mtandao unashika msikitini? Mie! Siku ya kwanza!

Alhamisi, 28 Agosti

Wamemchukua. Waliomba wengi, kachukuliwa yeye. Wamemwandikia kwamba hawajawahi kuona hadithi ya mgeni kutoka nyota ambapo hakuna anayemwuliza kitu, na kwamba kamera ile ya chini ni ya ajabu, aliyeiwaza ni nani?

Kaniuliza aandike jina la nani. Nikavuta jamvi chini ya kitanda, nikatoa stendi yake, nikamkabidhi.

Kaiangalia. Kaniangalia. Niliona vitu vyote vinapita usoni mwake, sanduku, vazi, Tausi, kila kitu, kimoja baada ya kingine. Nilingoja anifokee. Alikuwa na haki. Kasema tu, bibi, ungeniambia usiende.

Nikamwambia ningekwambia, ungebaki?

Kafikiri kwa ukweli, namna alivyo. Kasema ningebaki.

Basi hapo ndipo nilipojua kwamba sitamwambia.

Jumanne, 9 Septemba

Kaondoka leo. Maulidi yamepita, nguo zimefuliwa, mabegi matatu. Basi la Mombasa, avuke Horohoro, kesho Nairobi. Nimemfokea mpaka mlangoni mwa basi: usile vya barabarani, usimwamini mtu mwenye miwani ya jua ndani ya nyumba, usiwaandikie askari. Kacheka, kalia. Mie sikulia. Kondakta aliyesema nimelia ana macho mabovu, nimemwambia.

Nikarudi. Nyumba kubwa ghafla. Kuku wananitazama. Sanduku limebaki chumbani kwake, nimetia mahindi ndani, kwenye kidirisha naona yanapopungua. Mbuzi ya nazi nimeifungua kamba. Nimekaa kwenye kizingiti simu mkononi, nikakumbuka picha, nikainuka. Nikakaa tena.

Alasiri Tausi kaja bila kuitwa. Kakaa kizingitini ubavuni mwangu. Kasema umefanya vizuri kumwacha aende, Mboni, umejifunza. Nikamwambia ndiyo, nimejifunza. Nimejifunza kwamba mtoto yule akisikia nina baya, anaacha kila kitu, anakuja mbio kiatu kimoja. Nimeliona kwa macho yangu.

Tausi kashika kichwa.

Ashike tu. Basi ni hivi. Mwezi huu tunamwacha, asome, wasimwone hana adabu. Mwezi ujao, Tausi, utampigia simu. Utasema bibi yako kaanguka kisimani, nyonga. Useme kwa huzuni, usicheke katikati. Mselem asijue, ataadhini. Kifo usikitaje, hicho tumeshakitumia. Na upite kwa Rafaeli leo, kabla ya magharibi, umwambie anitengenezee magongo mawili ya kutembelea. Ila umwambie mgonjwa yuko hoi, anakata roho. La sivyo hatuyapati mwaka huu. Nenda.